Mashine ya boti haipigi stata? Soma hapa kabla hujanunua stata mpya

Leo naomba tuongee mambo ya baharini kidogo. Unazungusha ufunguo, mashine kimya. Au inagonga mara moja, tak, halafu basi. Unarudia, tak. Abiria wanaanza kutazamana. Ukifika ufukweni utapewa jibu moja la haraka haraka: "Stata imekufa hiyo, leta hela." Na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea, maana kwa uzoefu wangu stata ni kitu cha mwisho mwisho kulaumiwa. Mara nyingi mchawi yuko kwenye betri, vichwa vya betri, waya wa hasi, au gia tu haijakaa nyutro. Vitu vya kukagua bure.

Kwanza tuelewane lugha. Kuna mashine ISIYOPIGA STATA, yaani ukiwasha injini haizunguki kabisa. Na kuna mashine inayopiga stata vizuri, wewewewe, ila haiwaki. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Hiyo ya pili ni habari ya petroli, plagi, kabureta au kikamba cha usalama, na siiongelei leo. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeshaona mtu anafungua kabureta na kusafisha plagi saa nzima juani wakati injini haizunguki hata nusu. Kama haizunguki, achana na petroli kabisa.

Mifano yangu mingi ni ya Yamaha, maana pwani yetu kuanzia Tanga mpaka Mtwara na visiwani zimejaa hizo, hasa Enduro za tu-stroki. Zile za 15 na 40 za wavuvi nyingi ni za kuvuta kamba. Zile kubwa zinazobeba watalii na abiria ndizo zenye ufunguo na betri. Ukiwa na Mercury, Suzuki au nyingine, utaratibu ni ule ule, rangi za waya ndizo zinabadilika.

UKIWA BAHARINI, NANGA KWANZA

Jamani, kabla hujafungua mfuniko wa mashine, tupa nanga. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi upepo nao unausukuma huko huko. Dakika ishirini za kuhangaika na spana umeinamisha kichwa zinatosha kukukuta kwenye mwamba au mbali kabisa na ulipokuwa. Kama maji ni marefu na nanga haifiki chini, funga ndoo au turubai kwenye kamba, ulitupe mbele ya boti liburute majini, litakupunguzia kasi na litaweka omo uso kwa uso na mawimbi. Wavishe watu maboya. Piga simu mapema, betri ya simu ikiwa bado ina chaji, mwambie mtu wa nchi kavu uko wapi. Mwenye redio ya VHF, chaneli 16 ndiyo ya kuomba msaada. Ukishafanya hayo, sasa fungua mashine kwa amani.

SIKILIZA INASEMAJE

Mashine inakuambia inaumwa nini, ila lazima uisikilize. Zungusha ufunguo mara moja, using'ang'anie. Sekunde tano zinatosha, halafu pumzika sekunde kumi kabla ya kurudia. Anayeng'ang'ania ufunguo nusu dakika anamaliza betri na kuunguza stata, halafu kweli sasa atanunua stata.

Kimya kabisa, hata taa za dashibodi haziwaki: umeme haufiki. Anza na betri, swichi kuu ya betri na fyuzi. Kimya lakini taa zinawaka: angalia gia, kisha swichi ya nyutro, swichi ya ufunguo na rilei. Inagonga tatatatata kama cherehani: hiyo karibu kila mara ni betri dhaifu au vichwa vilivyolegea. Inagonga tak moja nzito: umeme umefika kwenye rilei, ila nguvu kubwa haipiti kwenda kwenye stata, au stata imekwama, au injini yenyewe imekwama. Inazunguka kivivu halafu inasimama: betri au waya. Stata inalia wiiii peke yake bila injini kuzunguka: kile kigia kidogo cha stata, ambacho mafundi wanakiita bendeksi, hakipandi kushika meno ya flaiwili.

Hapo tayari umepunguza kazi nusu.

BETRI INADANGANYA

Betri nzima iliyopumzika saa chache inatakiwa isome volti 12.6 au 12.7 kwenye mita. Ikisoma 12.2 iko kama nusu. Chini ya 12 hiyo ichukulie imekwisha. Mita ya umeme ya bei nafuu inatosha kabisa, na kama una boti na huna mita, basi kanunue hiyo kabla ya kununua spika za muziki.

Sasa angalieni hapa. Betri inaweza kusoma 12.6 ukiwa umetulia, na bado ikawa bovu. Volti za betri iliyokaa bure hazikuambii ina nguvu kiasi gani. Kipimo cha kweli ni kuweka mita kwenye vichwa vya betri, mwenzako azungushe ufunguo, wewe uangalie mita wakati huo huo. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri imechoka au haijachajiwa. Ikibaki juu, tuseme 12.3, na stata haizunguki, basi betri haina kosa: nguvu haitoki kwenda popote. Kuna mahali njia imekatika. Hicho kipimo kimoja ndicho kitakachokuokolea hela kuliko vyote nilivyoandika hapa.

Huna mita? Washa taa ya boti, kisha piga stata. Taa ikififia sana mpaka karibu kuzimika, betri ndiyo dhaifu, au stata inavuta umeme mwingi kwa sababu kuna kitu kimekwama. Taa isiposhtuka hata kidogo, umeme haufiki kwenye stata.

Betri nyingi za boti zetu zinakufa kabla ya siku zake. Joto linazimaliza, mtikisiko unavunja sahani za ndani, na watu wanaziacha zimeisha chaji wiki nzima wakati boti imepandishwa. Betri ya asidi ikiachwa tupu inaota ugonjwa ndani na haipokei chaji tena kama zamani. Sola ndogo yenye kidhibiti chaji chake inaitunza vizuri. Na betri isikae chini kwenye maji ya ngama. Maji ya bahari yakiingia ndani yanakutana na asidi na inaweza kutoka gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Zile za kujaza maji, jaza maji ya betri yaliyosafishwa, si ya kisima.

Ukiazima umeme kwa boti jirani, hakikisha ni volti 12 kwa 12. Chanya kwa chanya, na waya wa mwisho wa hasi uunge kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa sababu betri inatoa gesi inayolipuka na cheche ya mwisho haitakiwi pale. Usigeuze chanya na hasi hata kwa sekunde moja. Utaua rektifaya papo hapo, na hiyo ni hela nyingine.

WAYA WA HASI, MTU ASIYESHUKIWA

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoibiwa, wengine na mafundi, wengine na ujinga tu wa kutopima.

Mwaka 2019 nikiwa Kilindoni, Mafia, nilikuta boti yenye mashine ya 60 imevutwa mchangani. Mwenye boti alikuwa amekaa siku nne bila kazi. Fundi alikuwa amembadilishia stata, mpya kabisa ya dukani, na bado ikawa tak, tak. Sasa fundi anataka rilei. Mwenye boti ameshatumia akiba yake na anauliza auze nini tena. Nikapima betri: 12.6. Tukapiga stata, betri ikabaki juu. Nikaweka mkono mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, tukapiga tena. Kipimo hicho kinatakiwa kisome karibu na sifuri. Kikiwa kizuri kabisa hakizidi nusu volti. Pale kilisoma zaidi ya volti 5! Yaani karibu nusu ya umeme wa betri ulikuwa unapotelea ndani ya waya mmoja mweusi. Kwa nje waya ulikuwa unang'aa. Tukauchana ganda karibu na kichwa: ndani shaba imegeuka unga wa kijani. Waya mpya, dakika kumi, mashine ikapiga. Duka halikukubali kurudishiwa stata.

Chumvi inaingia kwenye waya kupitia kichwa cha waya kilichobanwa kienyeji na kupanda ndani ya ganda polepole, hutaiona. Kwa hiyo usiangalie kwa macho tu, PIMA. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya: kichwa cha chanya cha betri mpaka kwenye nguzo ya stata, wakati unapiga. Ikizidi nusu volti, fuatilia kipande kimoja kimoja mpaka umpate mwizi.

Vichwa vya betri vyenyewe: fungua hasi kwanza, kisha chanya. Sugua kwa msasa mpaka ving'ae, funga chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza kwa spana, sio vidole. Zile nati za masikio za kukaza kwa mkono ndizo zinalegea kwa mtikisiko wa mawimbi. Ukimaliza kukaza, paka grisi juu kuzuia chumvi. Juu, sio katikati ya chuma na chuma.

Kingine: boti ambazo betri imehamishiwa mbele ili boti ikae sawa, halafu waya ukaungwa na waya mwembamba wa nyumbani. Stata inavuta umeme mwingi mno kwa sekunde chache. Waya mrefu lazima uwe mnene zaidi. Ukishika maungio baada ya kupiga stata na yana joto, umeshapata jibu lako.

GIA, KIKAMBA CHEKUNDU NA FYUZI

Mashine ya ufunguo haipigi stata ikiwa kwenye gia. Imewekwa makusudi, ili boti isiruke na watu au propela isimkate mtu aliye majini. Kuna swichi ndogo ndani ya boksi la gia, au kwenye injini yenyewe, inayokata umeme mpaka gia iwe nyutro. Ikichoka au kebo ya gia ikitoka mahali pake, gia inaonekana nyutro kwa macho lakini swichi haijui. Dawa ya hapo hapo: shika kishikio cha gia, kisukume mbele na nyuma taratibu huku mwenzako ameshika ufunguo, kikirudi nyutro sikiliza. Ikipiga ghafla, umempata. Rekebisha kebo au badilisha swichi. Usiiunganishe moja kwa moja ili isisumbue tena. Naiona hiyo kwenye boti nyingi na siipendi kabisa, hasa boti zinazobeba watu wanaoogelea.

Kile kikamba chekundu cha usalama anachojifunga nahodha: kwenye Yamaha nyingi kikichomoka stata inapiga ila haiwaki. Kwenye baadhi ya mashine za aina nyingine haipigi kabisa. Kukiangalia ni sekunde mbili, kiangalie.

Fyuzi iko chini ya mfuniko wa mashine, Yamaha nyingi ni ya 20 au 30 na mara nyingi wamekuwekea ya akiba pembeni. Ikiwa imekatika weka nyingine ya namba ile ile. Ikikatika tena, kuna waya umegusana mahali, utafute. Kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi, juu ya tangi la petroli, mimi sina maneno.

RILEI NA STATA YENYEWE

Sasa kama betri nzima, waya wazima, gia nyutro, fyuzi nzima, ndipo tunaingia huku. Taa ya kupimia inatosha: balbu ya indiketa ya gari ya volti 12 yenye waya mbili. Waya mmoja uweke kwenye chuma cha injini. Kwenye Yamaha waya mwekundu ni wa betri, na wa kahawia ndio unaoleta amri ya stata kutoka kwenye ufunguo. Gusa wa kahawia pale kwenye rilei, mwenzako ageuze ufunguo. Taa isipowaka, rilei haina kosa, amri haijafika: rudi kwenye swichi ya ufunguo, swichi ya nyutro na ile plagi kubwa ya waya kati ya injini na dashibodi, ambayo chumvi inaipenda sana. Taa ikiwaka, gusa nguzo nene ya rilei inayokwenda kwenye stata. Amri ipo ila nguzo hiyo haina umeme: angalia ule waya mwembamba mweusi wa rilei umeshika hasi, na kama umeshika, rilei ndiyo imekufa. Nguzo ina umeme, tena waya umeshaupima, na stata imekaa tu: HAPO sasa ndiyo stata.

Hata hapo usikimbilie dukani. Gonga mwili wa stata taratibu kwa mpini wa bisibisi huku ufunguo umegeuzwa. Ikizunguka, ni brashi za kaboni zimeisha au zimenata. Itakufikisha nyumbani, na brashi zinabadilishwa bila kununua stata nzima. Kama stata inalia peke yake bila kushika, safisha bendeksi, toa chumvi na grisi iliyoganda, weka oili nyepesi kidogo. Grisi nzito pale inashika uchafu na kukwama tena.

Kuna wanaounganisha nguzo mbili nene za rilei kwa bisibisi. Inafanya kazi, ila inaruka ulinzi wa gia na inatoa cheche. Kama ni lazima: gia nyutro umeihakiki kwa macho, hakuna harufu ya petroli, mfuniko umeachwa wazi upepo upite, na hakuna mtu karibu na propela.

INJINI IMEKWAMA

Stata ikigonga na kukataa, hakikisha injini inazunguka. Toa ufunguo, toa kikamba chekundu, gia nyutro, fungua plagi zote. Zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu, kwa mkono kufuata mshale wa saa. Usirudishe nyuma, utapindua mapezi ya pampu ya maji. Ikizunguka laini plagi zikiwa nje lakini ilikuwa imegoma zikiwa ndani, kuna maji au petroli imejaa kwenye silinda. Izungushe maji yatoke, uso wako ukiwa mbali na matundu. Mashine iliyozama inatakiwa ioshwe kwa maji baridi, silinda ziwekewe oili na iwashwe siku hiyo hiyo. Ukiiacha mpaka kesho, kutu inaanza.

Isipozunguka hata plagi zikiwa nje, imejamu. Kwenye tu-stroki sababu kubwa ni oili, mtu amebania mchanganyiko au amesahau kabisa. Yamaha nyingi zikishazoea ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Hapo huna ujanja wa baharini, ni kuvutwa. Na wale wanaosema "wavu umenasa kwenye propela ndiyo maana haipigi", hapana: gia ikiwa kweli nyutro propela haijaungana na injini.

KAMBA YA DHARURA

Betri imekufa na uko mbali? Mashine nyingi za ufunguo, hata kubwa kiasi, zinakubali kamba. Fungua mfuniko na kifuniko cha juu ya flaiwili, utaona pengo pembeni mwa flaiwili. Funga fundo kwenye ncha ya kamba, liingize kwenye pengo, zungushia mara kadhaa kufuata mshale wa saa. Ufunguo uweke ON, kikamba chekundu kiwe mahali pake, gia nyutro. Vuta polepole mpaka uhisi uzito, kisha vuta kwa nguvu moja kwa moja. Nyuma yako pasiwe na mtu, kiwiko kinapiga meno. Hapa ulinzi wa gia haufanyi kazi, kwa hiyo hakiki mwenyewe. Vua kikoi, funga shati. Ikiwaka usijaribu kurudisha vifuniko, flaiwili inakata vidole, na usichomoe nyaya za betri injini ikiwa inaunguruma.

Wa Enduro ndogo za kamba: kamba ikigoma kuvutika kabisa, angalia gia kabla ya kulaani. Nyingi zinajifunga zenyewe zikiwa kwenye gia. Ikiwa nyutro na bado imegoma, rudi pale kwenye plagi na flaiwili.

Wadau wenye Suzuki na Tohatsu, tupieni rangi za waya zenu hapo kwenye maoni, watu wa Ziwa Victoria na Kigoma nao wanazitumia.